Watoto Watatu kwenye Pasi ya Reli

Pasi yenyewe, hati ya mtumishi wa reli ya kusafiria na familia yake, ni kikaratasi cha ukubwa wa kiganja na nusu, kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Kilikuwa ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vifungo vya koti, rozari iliyokatika na risiti za kodi ya kichwa. Tulilifungua kopo hilo mwaka 2017, siku ya tatu baada ya kumzika shangazi wa mama, ambaye alilitunza miaka yote bila kutuambia lina nini.

Wino wa bluu ulikuwa umefifia lakini unasomeka. Tabora kwenda Kilosa. Daraja la tatu. Mwaka 1952. Mtumishi, mke mmoja, watoto watatu.

Nilisoma mara mbili. Mama alizaliwa 1948, na mjomba, Mungu amrehemu, 1950. Hawakuwa na ndugu mwingine, au hivyo ndivyo tulivyolelewa kuamini.

"Mama," nikamwambia, "hapa wameandika watatu."

Akaichukua pasi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nayo. Kisha akasema, kama mtu anayejibu swali la jana, "Alikuwepo Dada."

Jina lake hakulijua. Mtoto mdogo hamwiti mkubwa wake kwa jina. Yeye alikuwa Dada, basi. Mama alikumbuka mgongo wake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimbeba, na kovu kwenye bega alilokuwa akilichezea kwa kidole. Halafu siku moja Dada hakuwepo, na alipouliza alinyamazishwa. Mama alikuwa na miaka sitini na tisa siku ile dirishani, na nilimwona akiulizia tena.

Hapo ndipo nilipoanza, na ilinichukua miaka miwili. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu ambao babu zao walikula mshahara wa reli na sasa wanatafuta waliobaki njiani. Wako wengi. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Tabora kwenda Mwanza likakamilika 1928. Katika muda huo wote, na miaka mingi baadaye, ilikuwa ikichukua vijana sehemu moja na kuwashusha nyingine, na kila waliposhushwa walioa, walizaa, wakahamishwa.

Babu mzaa mama alikuwa pointimani. Ndiye mtu anayegeuza njia ili treni inayoingia stesheni ifuate reli yake na isipande ya mwenzake. Alianza kwa kubeba mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, akiwa kijana, akapanda hadi kukabidhiwa pointi, akafa akiwa kazini Kilosa mwaka 1961.

Mwaka mzima wa kwanza niliupoteza kwa kumtafuta kwa jina. Nilidhani mahali fulani kuna faili lake la utumishi, na ndani yake wake zake na watoto wake wote kwa mpangilio. Niliandika barua, nikapanga foleni, nikaambiwa nirudi Jumatatu, nikarudi Jumatatu. Ofisi moja ilinijibu kwamba mafaili ya vyeo vile yaliliwa na mchwa zamani. Niliumia, kwa sababu sikuona mtu hata mmoja akiinuka kwenda kuangalia.

Nilichokuja kuelewa baadaye kingeniokolea nauli nyingi. Babu aliajiriwa na Reli ya Tanganyika. Mwaka 1948 reli hiyo iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda, likawa shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki, makao yake makuu Nairobi. Kwa hiyo mtu huyohuyo, akiwa kwenye stesheni ileile na ameshika wenzo uleule, alibadilishiwa mwajiri. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na karatasi zikagawanywa tena. Anayetafuta mtumishi wa reli ya Tanganyika lazima ajue ni mwaka gani anaoutafuta, kwa kuwa mwaka ndio unaoamua mlango wa kubisha.

Tena mtumishi wa cheo cha chini hakuandikwa kama anavyoandikwa bosi. Kwenye Gazeti la Serikali utakuta uteuzi wa maofisa, likizo zao za kwenda Ulaya, mirathi zao. Kwenye ripoti za mwaka za reli utakuta idadi ya Waafrika walioajiriwa, na tani za karanga na pamba zilizosafirishwa. Babu yangu yumo ndani ya ile idadi. Nimeitazama namba hiyo nikijua moja kati yake ni yeye, nikafunga kitabu.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mstaafu anayeishi Morogoro. Nampa ushauri huu kila anayeniuliza: ukitaka karatasi za reli, anza na wastaafu wa Jumuiya ya zamani. Watu wale walifuatilia mafao yao kwa miaka na miaka baada ya 1977, na anayedai hatupi hata bahasha. Mzee alikuwa na sanduku la bati limejaa mpaka juu: vocha za mshahara, barua za uhamisho, vyeti vya mafunzo, hata ratiba za treni.

Nilimsalimia, akaitikia marahaba, nikamwekea pasi mezani. Hakuigusa mara moja. Alinawa mikono kwanza.

"Hii si pasi ya likizo, mwanangu," akasema. "Ya likizo huandikwa kwenda na kurudi. Hii ni kwenda tu. Huyu alihamishwa."

Neno dogo lile nilikuwa nimelipita mara mia. Kumbe 1952 babu hakuwa akitembeza familia. Alikuwa akihama na kila aliyekuwa wake. Mzee akaendelea: mtoto wa jirani haandikwi kwenye pasi, karani wa stesheni angeulizwa. Yule wa tatu alikuwa binti yake wa kuzaa. Kisha akaniuliza ninamtafuta babu kwa jina gani. Nilipomtajia akatikisa kichwa, kwa upole kabisa. Akaniambia kwamba kwenye reli mtu alijulikana kwa kazi yake na stesheni yake. Jina lilikuwa la karani. Mnyapara akikubandika la kwake siku ya kwanza, ndilo linaloingia kwenye orodha ya mshahara, na utalijibu miaka thelathini.

Nikarudi nyumbani na swali jipya. Sikuuliza tena "babu yuko wapi?" Niliuliza "nani alikuwa pointimani Tabora kabla ya 1952?"

Nilipiga hesabu. Dada aliweza kumbeba mama mgongoni, basi alimzidi miaka saba au minane hivi. Bibi yangu aliolewa na babu 1947. Kwa hiyo Dada alizaliwa kabla ya bibi kuingia nyumba ile, na mama yake mzazi aliondoka, kwa talaka au kwa kifo, kabla ya 1947. Magazeti ya kusoma yakawa ya 1940 hadi 1947.

Nilianza na ya Kiingereza, maana nilidhani ndiyo yenye habari nyingi. Tanganyika Standard ilinipa mgomo wa Septemba 1947, ule ulioanza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam kisha ukapanda na reli kwenda bara. Nilisoma kila mstari. Watumishi wa reli walikuwamo, lakini kama kundi: wamegoma, wamerudi. Magazeti yale yaliwahesabu watu wetu. Ya Kiswahili yaliwaita kwa majina, na laiti ningelijua hilo mapema.

Mambo Leo lilianza 1923 chini ya Idara ya Elimu, likitoka kila mwezi. Nililisoma kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, yanakotunzwa machapisho ya Afrika Mashariki. Wasomaji wake walikuwa walimu, makarani, askari, watu wa stesheni, na waliandika sana. Waliuliza maana ya maneno, walilaumu, walijibizana kwa mashairi hadi mwezi wa tatu au wa nne, walitoa habari za mvua na njaa za kwao. Kurasa za miaka ya Vita vya Pili zimejaa barua za askari walioko mbali. Kuna siku nilikwenda kutafuta babu nikajikuta nimetumia saa mbili kufuata malumbano ya washairi wawili, na sijutii, kwa sababu kwa kusoma hivyo nilianza kuijua lugha ya wakati ule: namna mtu alivyotaja kazi yake, alivyomtaja mkewe bila kumpa jina, alivyosema "amefariki" bila kusema amefariki. Usipoijua lugha hiyo, jicho litaruka juu ya unachokitafuta.

Baada ya 1948, shirika jipya nalo likawa na gazeti lake la Kiswahili kwa wafanyakazi, Sikio. Humo kuna vyeo, uhamisho, timu za mpira, wanaostaafu. Anayemtafuta mtu wa miaka ya hamsini asiliache.

Jambo moja la utaratibu, kwa sababu liliniuma. Siku ya pili nilipiga picha za kurasa nyingi kwa simu bila kupiga jalada. Nilipofika nyumbani nilikuwa na kurasa nzuri zisizo na mwezi wala mwaka, ikabidi nirudie kazi nzima. Siku hizi napiga jalada kwanza, kisha ukurasa mzima pamoja na namba yake, ndipo nasogea kwenye habari yenyewe. Pia gazeti la mwezi huchelewa. Barua iliyoandikwa Machi inaweza kuchapwa Mei au Juni, hivyo ukijua tukio ni la mwezi fulani, soma miezi minne mbele.

Barua ilikuwa kwenye toleo la mwaka 1946, mistari kumi na moja chini ya shairi refu. Mwandishi wake aliwashukuru watumishi wenzake wa reli pale Tabora kwa kumchangia sanda na kumsaidia kumsafirisha marehemu mkewe akazikwe kwao, kwenye misheni moja iliyoko kaskazini ya Tabora, ambayo aliitaja. Alisema amebaki na mtoto mmoja wa kike. Alimwombea kila aliyetoa senti yake. Chini aliweka majina mawili nisiyoyafahamu, kisha kazi yake na stesheni yake.

Pointimani, Tabora.

Nilinakili nikaendelea na ukurasa unaofuata. Nasema kweli, niliendelea. Majina hayakuwa ya babu, na nilidhani nimempata mwenzake wa kazi. Ni siku mbili baadaye, nikiosha vyombo, jina la pili likajitamka lenyewe kichwani. Lilianza na R. Nikaliweka L mahali pa R, na likawa jina la ukoo wa mama, jina la baba yake babu, ambalo bibi alikuwa akilitaja kwenye tambiko. Kule kwao L na R ni sauti zinazokaribiana, na mchapaji wa Dar es Salaam aliandika alichosikia au alichokisoma kwenye mwandiko. Jina la kwanza lilikuwa la ubatizo. Babu alibatizwa ukubwani, na nyumbani hatukuwahi kuambiwa jina hilo. Kumbe rozari ile ya kwenye kopo ilikuwa yake.

Nilikaa sakafuni jikoni. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia babu akisema neno. Alikufa kabla sijazaliwa, hakuacha picha, hakuacha barua. Na sasa nilikuwa na mistari kumi na moja ya maneno yake mwenyewe, ya mwezi mbaya kuliko yote aliyoishi, akiwashukuru watu.

Misheni iliyotajwa bado ni parokia. Nilikwenda na barua ya utambulisho kutoka parokia yetu, na nashauri kila mtu afanye hivyo, maana vitabu vile vina siri za watu na paroko ana haki ya kujua wewe ni nani. Kitabu cha ubatizo kimeandikwa kwa Kilatini, lakini usiogope: majina ya watu ni yaleyale, na safu zinajirudia, tarehe, mtoto, baba, mama, msimamizi, padri. Baada ya kurasa tano unakuwa umeshazoea.

Alikuwepo, amebatizwa 1940. Baba yake ni babu, kwa jina lile la kwenye barua. Nikasoma jina la mama yake, ambaye gazetini alikuwa "mke wangu" tu, na msimamizi wake wa ubatizo. Nikasoma jina la Dada.

"Ni nani wako?" akaniuliza katibu wa parokia.

"Mama mkubwa," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kwangu kumwita mtu hivyo.

Kisha katibu akanionyesha kwa ncha ya kalamu kitu ambacho ningekikosa. Pembeni kabisa mwa ukurasa, kwa wino tofauti na mwandiko wa mtu mwingine, palikuwa na kistari cha maneno manne matano. Tangu 1908 sheria ya Kanisa Katoliki inataka ndoa ikifungwa iarifiwe parokia ya ubatizo, nayo iandike pembeni ya jina la mhusika, hata kama ndoa ni ya mbali namna gani. Pembeni ya jina la mama mkubwa paliandikwa: ameolewa, 1959, Shinyanga.

Shinyanga iko kwenye tawi la Mwanza. Alikuwa ameondoka kwetu, lakini hakuondoka kwenye reli.

Hapo nilisimama. Ningeweza kupanda basi siku ileile, na moyo ulitaka. Lakini nilikuwa nimeshika maisha ya watu walio hai ambao huenda hawakutaka kutafutwa. Nilirudi kwa mama kwanza, nikamweleza yote, nikamwuliza kama niendelee. Aliniambia anaogopa Dada asije akawa amekasirika. Tukakubaliana tusipige simu. Nilimwandikia katekista mmoja wa Shinyanga, nikamwomba aulize taratibu, kwa wazee, na aseme wazi kwamba hatudai shamba wala mirathi. Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko mtu anavyodhani. Ndugu anayeibuka baada ya miaka sitini huonekana kama mdai.

Wiki mbili baadaye akanijibu kwamba yuko hai, ana miaka sabini na tisa, na amelia.

Kwa upande wake habari ilikuwa hivi. Mwaka 1955 babu alimrudisha kwa bibi yake mzaa mama akasome kwa masista. Alimtumia hela kwa posta kila baada ya miezi michache, na barua. Mwaka 1961 barua zikakoma. Naye akaandika, mara tatu, kwa anwani aliyoijua: kota za reli, Kilosa. Zikarudi zote.

Mama alipoambiwa hilo alifunika uso kwa kanga. Kwa sababu sisi tunajua kilichotokea Kilosa 1961. Nyumba ya reli ni ya kazi, si ya mtu. Babu alipokufa, bibi alipewa majuma machache kuhama ili pointimani mwingine aingie, akachukua watoto wawili na kopo la biskuti akaenda kwa ndugu Morogoro. Barua za Dada zilifika kwenye mlango uleule, ukafunguliwa na mtu mwingine. Yeye akaamini mama wa kambo amemkataa. Bibi, ambaye hakujua kusoma na hakuwa na anwani ya huko bara, akaamini mtoto ameshawasahau, na lilimuuma hata hakutaka litajwe. Nimewasikia wengine wengi wenye historia kama hiyo, na karibu kila mara uzi unakatikia kotani. Ukipata mwaka ambao mtumishi alistaafu au alifariki, tafuta jirani yake wa kota kabla hujatafuta kitu kingine. Ndiye aliyeona gari likipakia vyombo, na ndiye anayejua lilielekea wapi.

Tulikwenda Shinyanga Agosti 2019. Mama alibeba pasi ndani ya kitabu cha sala. Mama mkubwa alitusubiri barazani, amevaa kitenge kipya, na mama alipiga goti kumsalimia shikamoo kama mtoto. Hawakukumbatiana papo hapo. Mama alinyoosha mkono akamshusha blauzi kidogo begani, akaliona kovu, akaweka kidole.

Baadaye, chai ilipokwisha kunywewa na wajukuu wametawanyika, mama aliifungua pasi na kuiweka kwenye meza ndogo. Mama mkubwa alisoma bila miwani, akiisogeza mbali. Alipofika kwenye idadi ya watoto alinyamaza kwa muda mrefu.

"Aliniandika," akasema.

Kisha akaanza kusimulia safari yenyewe. Alikuwa na miaka kumi na miwili na aliikumbuka yote. Itigi walinunua asali kwenye chupa, na mama akaimwaga kwenye gauni lake la safari. Manyoni ilikuwa usiku na mjomba akalia baridi. Bahi, Dodoma, babu akashuka kuteka maji na treni ikapiga honi kabla hajarudi, wote wakapiga kelele. Gulwe, Kidete, milima na mto, na mama amelala mapajani mwake, nywele zimegandana kwa asali.

Mama hakukumbuka hata kimoja. Alisikiliza mpaka treni ilipoingia Kilosa, akavuta kiti karibu zaidi, akamwambia dada yake aanze tena, kuanzia Tabora.